Jangwa Liitwalo Tupu

Neno "tupu" ni dogo, lakini limefanya uharibifu mkubwa duniani. Debe tupu, mikono mitupu, maneno matupu: kila mahali liingiapo huondoa kitu. Likitoka katika kinywa cha mzazi aliyeshika usukani, na mtoto wake amekaa nyuma akitazama dirishani, huondoa nchi nzima pamoja na watu wake.

Kila mwaka, shule zifungwapo wakati wa joto, jamaa nyingi za Marekani huingia katika motokaa zao na kuelekea magharibi. Hutoka Chicago, au Oklahoma, au Texas, hupita New Mexico na Arizona, huvuka jangwa la Mojave, na hatimaye huiona bahari ya Pasifiki. Baba hushika usukani na mama hushika ramani, ama kinyume chake; siku hizi ramani imo ndani ya simu. Watoto hukaa kiti cha nyuma, wakigombania nafasi, wakila, wakilala, wakiamka na kuuliza kama wamefika. Nje ni miamba myekundu, mchanga, vichaka vya kijivu na mbingu kubwa. Saa ya tatu au ya nne ya mwendo, mtoto huchoka na kuuliza kuna nini huko nje. Mzazi hujibu bila kugeuza shingo: "Hakuna kitu. Jangwa tupu."

Jibu hilo ni fupi, lakini limebeba makosa matatu. La kwanza ni kudhani kwamba nchi ile haina watu wala kazi ya watu. La pili ni kudhani kwamba barabara ile imekuwa wazi kwa kila mtu siku zote. La tatu, ambalo ni baya kuliko hayo mawili, ni kudhani kwamba mtoto hana haja ya kujua zaidi. Makosa haya yamepambwa kwa vitabu, picha za sinema na nyimbo, hata yameonekana kuwa hekima. Safari ya jangwani pamoja na wazazi imesifiwa kuwa shule ya uhuru. Kwa hakika ni shule. Lakini somo litolewalo humo aghalabu ni la uongo, na yafaa lipingwe.

Kosa la kwanza lajibiwa na nchi yenyewe. Huko Arizona, juu ya vilima vya mawe, kuna kijiji cha Wahopi kiitwacho Oraibi, ambacho watu wamekaa humo bila kukoma kwa muda wa miaka 800 au zaidi. Mji wa London wakati ule ulikuwa mdogo, na New York haikuwapo hata kwa jina. Wahopi hulima mahindi katika nchi ya mvua haba, bila mifereji. Hutoboa ardhi kwa mti wa kupandia mpaka wafikie unyevu, huweka mbegu humo, na mahindi yao, waliyoyachagua kizazi baada ya kizazi, huota kutoka kina ambacho mahindi mengine yangefia. Mtu apitaye kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa huona mchanga. Mwenyeji huona shamba la babu yake.

Kusini, karibu na Tucson, husimama madungusi marefu yaitwayo saguaro. Dungusi la namna hii laweza kukaa miaka 50 na zaidi kabla ya kuchipua mkono wake wa kwanza. Watu wa Tohono O'odham huyajua vema; mwanzo wa joto huchuma matunda yake kwa fimbo ndefu, huyapika, na kwa mavuno hayo huhesabu mwaka wao. Kaskazini ni nchi ya Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné. Ardhi yao ya leo yazidi kilomita za mraba 70,000, imeenea katika Arizona, New Mexico na Utah, na ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Mtu akivuka Rwanda na Burundi, kisha akamwambia mtoto wake kwamba hapakuwa na kitu njiani, angechekwa. Akivuka nchi ya Wanavajo na kusema vivyo hivyo, huitwa mpenda maumbile.

Msomaji wa Kiswahili asiharakishe kuwacheka Wamarekani kwa jambo hili. Lugha yake mwenyewe ina deni. Watu wa miji ya pwani walitazama bara nyuma ya mashamba yao wakaiita nyika, nao wakazi wake wakaitwa Wanyika, kana kwamba watu wale walikuwa sehemu ya vichaka. Watu hao walikuwa na makaya yao, wazee wao, sheria zao na misitu yao mitakatifu. Na makaya hayo tangu mwaka 2008 yamo katika orodha ya urithi wa dunia. Katika miaka ya 1940 wenyewe walilikataa jina walilopewa, wakajiita Mijikenda. Jina moja lilitazama vichaka. Jina la pili lilihesabu miji. Tofauti iliyopo kati ya majina hayo mawili ndiyo tofauti iliyopo kati ya mzazi asemaye "jangwa tupu" na mzazi asemaye "hii ni nchi ya Wanavajo".

Hata neno safari limepata msiba wa namna hiyo. Lilitoka katika Kiswahili likaingia Kiingereza, na huko likapungua maana, hata likawa jina la matembezi ya mtu mwenye nafasi katika nchi yenye wanyama wengi na watu wasioonekana. Wasafiri wa Kiswahili wa zamani hawakusafiri hivyo. Katika habari zilizokusanywa na Velten na kupigwa chapa Ujerumani mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli, wasafiri hutaja vituo, watu wa mahali, vyakula vyao na desturi zao. Msafiri wa namna ile angeona aibu kurudi kwake na kusema kwamba alipita mahali pasipo kitu. Angeulizwa: "Basi ulikwenda kufanya nini?"

Kosa la pili lahusu barabara. Barabara ya 66 iliwekwa katika hesabu ya barabara kuu za Marekani mwaka 1926, ikitoka Chicago mpaka Los Angeles, mwendo wa karibu kilomita 3,900. Katika miaka ya 1930, ukame na dhoruba za vumbi pamoja na madeni viliwang'oa wakulima wengi wa Oklahoma na majimbo ya jirani, nao wakaishika njia hiyo pamoja na wazee na watoto wao. John Steinbeck aliandika habari zao katika kitabu chake The Grapes of Wrath, kilichotoka mwaka 1939. Humo jamaa moja yasafiri na babu na bibi. Babu afa mapema njiani, na bibi afa wakati wa kuvuka jangwa, mama akilala kando ya maiti usiku ili safari isizuiwe. Kitabu hicho kina haki ya kusifiwa, kwa sababu kilionyesha kwamba barabara si mchezo kwa maskini.

Lakini mwaka ule ule wa 1939 ilitoka sinema ya John Ford iitwayo Stagecoach, ambayo sehemu zake zilipigwa picha katika bonde la Monument Valley, ndani ya nchi ya Wanavajo. Katika sinema hiyo wenyeji hutokea kama hatari itokayo nyuma ya miamba. Wanavajo wenyewe waliajiriwa kucheza nafasi ya Waapache. Hivyo watu walionyeshwa katika nchi yao kwa jina la watu wengine, na kazi yao ilikuwa kushambulia na kuanguka. Mtazamaji alitoka akikumbuka miamba. Tangu hapo watoto wengi wamefikishwa mbele ya miamba ile na kuambiwa, "Hapa ndipo walipotengeneza sinema." Wachache wameambiwa kwamba bonde lina jina la Kinavajo, na kwamba Wanavajo ndio walioliweka chini ya ulinzi wao wenyewe mwaka 1958.

Uhuru wa barabara nao ulikuwa na rangi. Mwaka 1936 mchukuzi wa barua wa Harlem, Victor Hugo Green, alianza kutoa kitabu cha mwongozo kwa wasafiri weusi, kikionyesha nyumba za wageni, mikahawa na vituo vya petroli ambako wangepokewa bila matusi. Kitabu hicho kiliendelea kutolewa kwa miaka 30 hivi, hata baada ya sheria ya haki za raia ya mwaka 1964. Wingi wa chapa zake ni ushahidi kwamba mahali pengi hapakuwa pa wote. Katika jangwa, ambako mji mmoja na mwingine huachana mbali, kukataliwa kitanda usiku hakukuwa fedheha tu, kulikuwa hatari. Ilikuwapo miji ambayo mtu mweusi alitakiwa awe ameondoka kabla ya jua kuchwa.

Wazazi weusi waliosafiri na watoto wao miaka ile walijiandaa kama watu waendao vitani. Walipika kuku nyumbani, wakachukua maji, wakachukua petroli ya akiba, wakatia chombo cha haja ndani ya gari, wakaendesha usiku kucha. Watoto walipouliza kwa nini hawasimami penye mkahawa wenye taa nzuri, wengi waliambiwa kwamba chakula cha mama ni kitamu zaidi, au kwamba kula chini ya mti ni furaha. Watoto waliamini. Wengi walikuja kujua sababu walipokuwa watu wazima.

Hapa ndipo hoja yote ilipo, na yataka kutazamwa kwa makini. Watetezi wa safari ya furaha husema: "Waacheni watoto wafurahi. Historia ina shule zake. Kumwambia mtoto wa miaka 8 habari za dhuluma njiani ni kumwibia likizo yake." Nao huweza kuwaleta wazazi hawa weusi kuwa mashahidi wao, kwani nao walinyamaza. Lakini kimya si cha aina moja. Mzazi aliyemficha mtoto wake sababu ya kutosimama alikuwa amejiweka kati ya mtoto na fedheha. Aliubeba uchungu yeye ili mtoto asiubebe kabla ya wakati. Kimya chake kilikuwa mwavuli. Mzazi ambaye barabara inampendelea, akinyamaza, hamkingi mtoto wake na lolote, kwa maana hakuna jiwe linalorushwa upande wake. Ajikinga mwenyewe na swali. Kimya cha kwanza kilitoka katika mapenzi yaliyobanwa. Cha pili hutoka katika uvivu ulioshiba. Anayevitia vyote viwili katika kapu moja hajui uzito wa kimya.

Tena ni lazima kusema kwamba hata kimya cha kwanza kiligharimu. Wako watoto waliokua wakidhani wazazi wao walikuwa bahili au wakali, hata siku walipojua kwamba kila ukali ulikuwa ulinzi. Kama kimya chenye sababu njema kilikuwa na gharama hiyo, kimya kisicho na sababu kina thamani gani?

Kosa la tatu, la kumnyima mtoto habari, huonekana uzito wake mtu akikumbuka kwamba safari ya wazazi na watoto katika jangwa lile haikuanza na motokaa. Mwaka 1864 majeshi ya Marekani, baada ya Kit Carson kuchoma mashamba ya Wanavajo na kuangamiza mifugo na miti yao ya matunda, yaliwatoa maelfu ya watu katika nchi yao na kuwatembeza kwa miguu mpaka Bosque Redondo, karibu na mto Pecos, mwendo wa kilomita zaidi ya 480. Makundi yalifuatana, mengine wakati wa baridi kali. Masimulizi ya Wanavajo husema kwamba waliobaki nyuma, wazee na wanawake waliokaribia kujifungua, waliuawa njiani. Huko walikopelekwa maji yalikuwa ya chumvi, mazao yalikufa, na watu wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Waliruhusiwa kurudi kwao baada ya mkataba wa Juni 1868. Mahali hapo ni mwendo mfupi kusini ya Santa Rosa, mji uliomo katika Barabara ya 66. Jamaa za watalii husimama Santa Rosa kuogelea katika kisima chake cha maji ya samawati, kisha huendelea na safari.

Miaka 78 baada ya mwendo ule, jangwa liliona jamaa nyingine. Kwa amri aliyoitia sahihi Rais Roosevelt Februari 1942, watu wenye asili ya Kijapani waliokaa pwani ya magharibi, ambao wengi wao walikuwa raia wa kuzaliwa, waliondolewa majumbani mwao. Wazazi na watoto walivikwa vibandiko vya namba, wakachukuliwa na treni na mabasi. Kambi moja waliyopelekwa ilikuwa Poston, Arizona, kusini ya mahali Barabara ya 66 ilipovuka mto Colorado. Ilifikia kuwa na watu zaidi ya 17,000. Ilijengwa katika ardhi ya wenyeji wa asili, na baraza la wenyeji hao lilikataa, lakini halikusikilizwa. Hivyo mahali pamoja watu wawili walidhulumiwa kwa amri moja: mmoja aliletwa kwa nguvu, na mwingine alilazimishwa kumpokea.

Nani basi atasema kwamba mtoto akifundishwa safari moja tu, ile ya aiskrimu na bwawa la kuogelea penye nyumba ya wageni, amefundishwa habari za barabara ile? Amefundishwa habari za kiti chake.

Wako watakaosema kwamba "tupu" ni neno la kawaida tu, na kwamba kulitafuta dhambi ni kazi ya watu wasio na kazi. Laiti ingekuwa hivyo. Mahali paitwapo patupu hupewa vitu visivyotakiwa na watu wa mahali palipojaa. Tarehe 16 Julai 1945, kabla ya mapambazuko, bomu la kwanza la atomiki duniani lililipuliwa New Mexico, katika bonde ambalo Wahispania waliliita Jornada del Muerto, yaani safari ya maiti. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa palihesabiwa kuwa mbali na watu. Lakini watu walikuwapo. Walikaa katika mashamba ya mifugo yasiyofika kilomita 40 kutoka hapo, na katika vijiji vya bonde la Tularosa. Wengi walikunywa maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani. Hawakuonywa kabla wala baada. Waliambiwa kwamba ghala ya risasi na baruti imelipuka kwa ajali. Sheria ya fidia ilitungwa mwaka 1990 kwa ajili ya waathiriwa wengine wa majaribio ya mabomu. Watu wa Tularosa walingoja mpaka mwaka 2025 kuhesabiwa ndani yake, yaani miaka 80 tangu siku ya mlipuko. Hiyo ndiyo bei ya neno "tupu" likiingia katika ofisi za serikali.

Jambo hili lina mzizi ulio karibu na msomaji wa Kiswahili kuliko adhaniavyo. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa katika kazi ile ya siri ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi migodini. Wachimbaji hawakuambiwa madini yale yaenda wapi wala yatafanya nini. Nchi yao nayo ilitazamwa kama shimo lenye mali, si kama kijiji chenye watu. Baadaye Wamarekani walichimba urani yao wenyewe kwa wingi, na tangu mwaka 1944 hata 1986 ardhi ya Wanavajo ilitolewa karibu tani milioni 30 za mawe yake. Migodi zaidi ya 500 iliachwa wazi. Tarehe 16 Julai 1979, miaka 34 kamili tangu mlipuko wa kwanza, boma la taka za kinu cha urani lilibomoka Church Rock, New Mexico, na maji yenye sumu yakaingia katika mto Puerco, ambao Wanavajo walinyweshea kondoo wao. Barabara kuu ya watalii hufuatana na mto huo kuelekea Arizona. Motokaa zilipita, watoto wakauliza nje kuna nini, na jibu likawa lile lile.

Leo wako Phoenix na Tucson watu waliotoka Kongo na Burundi kama wakimbizi, na wengi wao husema Kiswahili. Nao wana motokaa, wana watoto, na wana likizo. Mzazi wa Katanga apitaye New Mexico na mwanawe hapiti nchi ya ugenini kabisa. Mawe ya kwao yalitangulia kufika kabla yake. Akinyamaza, mtoto atajiona mgeni katika historia ambayo jasho la babu zake limo ndani yake. Akisema, mtoto atajua kwamba dunia imefungwa kwa kamba nyingi ambazo hazionekani dirishani.

Maji nayo yana ushahidi wake. Karibu theluthi moja ya nyumba za Wanavajo hazina maji ya bomba, na watu huyachukua kwa magari katika mapipa. Mwaka 1922, majimbo saba yalipogawana maji ya mto Colorado, wenyeji wa asili hawakuwa katika mazungumzo. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba mkataba wa 1868 hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia Wanavajo maji. Mambo haya si ya kale. Mtoto aliyezaliwa siku ya hukumu ile hajaanza shule. Mtalii ajazaye chupa yake bila kufikiri, kisha akalisifu jangwa kwa ukavu wake, amesifu kiu ya mwenziwe.

Yabaki mashaka mawili ya watu wema. La kwanza ni la mzazi asemaye, "Mimi sijui habari hizo; nitamwambia mtoto nini?" Kutojua si aibu, mradi kusigeuzwe kuwa jawabu. Mzazi asiyejua aweza kusema, "Sijui, tuulize." Kando ya njia wako Wanavajo wauzao vito, mikate na nyama ya kondoo, yako majumba ya ukumbusho yanayosimamiwa na wenyeji wenyewe. Mtoto aonaye mzazi wake akiuliza jina la mahali, na kulitamka vibaya, na kusahihishwa, na kushukuru, hupata somo ambalo mwalimu hawezi kumpa ubaoni.

Shaka la pili ni la mzazi asemaye, "Sikumtembeza mtu yeyote mpaka Bosque Redondo. Kwa nini nilie?" Hapana amwambiaye alie. Hatia ni ya aliyetenda, nayo huenda naye kaburini. Deni ni jambo jingine. Deni hurithiwa pamoja na shamba. Mtu aliyerithi barabara, na bwawa, na umeme wa bwawa, na picha nzuri za miamba, hawezi kuikubali mali na kuikataa habari yake. Na malipo ya kwanza ya deni hili ni mepesi mno, maana ni kusema kweli katika gari.

Wala kusema kweli hakuondoi furaha. Mtoto hufurahi zaidi penye mambo kuliko pasipo na mambo. Kinachomchosha jangwani ni kuambiwa kwamba hamna kitu, kisha akalazimishwa kukitazama kitu hicho kisichokuwapo kwa muda wa siku tatu. Aliyeambiwa kwamba mahindi huota kutoka kina kirefu cha mchanga atatafuta shamba kwa macho. Aliyeambiwa umri wa dungusi atahesabu mikono yake. Aliyesimuliwa habari za watoto waliotembea njia ile kwa miguu huenda akanyamaza kidogo, na kimya hicho ni heshima, si huzuni ya bure.

Kwamba majina yaweza kurekebishwa, upo mfano mwema. Katika Grand Canyon, korongo kuu lililofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1919, walikaa Wahavasupai tangu zamani, wakilima penye chemchemi katikati ya mteremko. Hifadhi iliwaondoa, mtu wao wa mwisho alitolewa hapo mwaka 1928. Watu walifukuzwa, bustani ikabaki na jina la Kiingereza lenye maana ya bustani ya Wahindi, bila kusema Wahindi wapi. Mwaka 1975 Wahavasupai walirudishiwa sehemu ya ardhi yao, karibu hekta 75,000, na mwaka 2022 bustani ile ilipewa jina lao. Hakuna aliyekufa kwa kubadilisha kibao. Korongo halikupungua uzuri. Ila mtoto ashukaye leo kwa njia ile husoma jina la watu, na akisoma jina la watu huuliza wako wapi.

Safari ndefu pamoja na wazazi huja mara chache maishani. Kwanza watoto huchukuliwa na wazazi. Miaka ikipita, watoto waliokua huwachukua wazazi wao waliozeeka, na kiti cha nyuma hubadilisha mwenyewe. Katika chumba kile kidogo chenye magurudumu hakuna mlango wa kutokea, wala mgeni wa kukatiza maneno. Yasiyosemwa humo huenda yasisemwe tena. Wazee wa Kiswahili walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini hawakusema kwamba ulimwengu hufundisha kwa upole. Mtoto aliyeambiwa kwamba nchi ni tupu atakua, atapiga kura, atachora mipaka, atagawa maji, na atatafuta mahali pa kutupa taka zake. Atakumbuka kwamba alipita mahali fulani zamani, na kwamba baba yake, mtu aliyempenda na kumwamini, alimwambia hapakuwa na kitu.

Basi swali la mtoto lastahili jawabu jingine. Aulizapo, "Nje kuna nini?" mzazi na apunguze mwendo, atazame alikopita mara nyingi bila kutazama, aseme: "Kuna watu. Ngoja nikuambie ninaowajua, kisha tukawaulize wenyewe waliobaki."